Pazia Lililopinda kwa Porojo za Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu na naomba unishike mkono, maana nina furaha iliyonitia mashakani.

Mimi ni fundi cherehani, mama mtu mzima, sala hainipiti, na burudani yangu ni moja tu, zile porojo ambazo mashabiki wanazirekodi juu ya filamu, yaani picha inakwenda na wao wanaitania kama majirani wanaochungulia dirishani, nami nasikiliza kwa masikio tu maana macho yako kwenye sindano, kisha natuma maoni yangu kwenye kundi letu la simu, na kipimo changu wote wanakijua: mshono ukinyooka, hujachekesha, ukipinda, umeweza. Wananiamini kwa sababu sipendelei mtu.

Sasa kuna mmoja anajiita Domo Kaya, sauti anaibana puani, nikamsema kwamba anamcheka mjane wa kwenye filamu anayelia makaburini, huo si utani, ni kukosa malezi, mshono wangu umenyooka kama rula. Jioni binti yangu akaingia bila hodi: "Mama, Domo Kaya ni mkwe wako! Hata chakula hajagusa." Nilikaa chini, mshauri. Mkwe ambaye kwa heshima hata kicheko changu hajawahi kukisikia, nimemwambia hana malezi mbele ya kundi zima!

Lakini kijana hakununa. Akairekodi upya filamu ileile, mjane akamwacha alie kwa amani, akamgeukia muuaji aliyekuja mazishini kwa kunyata: "Jamani, viatu vyake vinalia kuliko wafiwa!" Nilicheka mpaka pazia la mteja likaenda kama njia ya nyoka.

Jumamosi kundi letu linakutana ukumbini, porojo hiyo inachezwa, na mimi ndiye wa kuitolea neno. Nikimsifu watasema ni undugu, nikinyamaza namdhulumu. Binti yangu anasema, "Sema tu si mbaya, yaishe." Nifanyeje?

Mama Pindo

JIBU

Mama Pindo, pole, hongera, na aibu kidogo. Kumkosoa hukuogopa, kumsifu ndiko unakoogopa? Upendeleo ni kusifu kibovu cha ndugu. Kukinyima sifa kizuri kwa kuwa ni cha ndugu, hiyo nayo ni dhuluma, na mcha Mungu kama wewe unajua. Hilo la "si mbaya" mwachie binti yako.

Pazia usilifumue bado. Mwombe radhi mteja wako, mwambie atalipata Jumatatu, na umwalike. Ukumbini simama, sema mwenyewe kabla hawajasema: "Huyu ni mkwe wangu, na mara ya kwanza nilimkosoa mbele yenu." Kisha likunjue pazia wajionee. Atakayeleta neno la undugu, mpe kiti cha cherehani, mwekee porojo ile, anyooshe mshono kama anaweza!

Na ikichezwa, mama, usizibe mdomo kwa kanga. Cheka mpaka mkwe akusikie alipokaa. Kicheko hicho ndicho alichokitafuta aliporekodi upya.