Mita Moja na Nusu

Akoth, Caren ametoka kunipigia saa hii.

Si unajua anasomea interior design huku Kitengela. Waliambiwa kila mtu apime nyumba anayoishi na aichore. Akapima yake ya Isinya, ile imesimama peke yake. Ndani, urefu ni mita tano. Nje, sita na nusu.

Mwalimu akasema amekosea, arudie. Leo amerudia mara tatu. Mita moja na nusu, Akoth. Hakuna ukuta mnene hivyo.

Akagonga ukuta wa kando ya kitanda. Unalia kama uko mtupu ndani, kama mlango wa kabati.

Akigeuka, Elphas, yule caretaker anayetunza hiyo nyumba, amesimama mlangoni. Hakumuuliza anagonga nini. Alichukua mchoro, akaukunja, akautia mfukoni. Halafu polepole, "Nani mwingine ameona hii?"

Caren akajibu, "Hakuna mtu."

Hakuna mtu. Na asubuhi alikuwa amenitumia picha ya huo mchoro, nikaiweka status ya WhatsApp nikimsifu.

Nimekimbia kuifuta. Elphas ako na namba yangu tangu nimtafutie Caren hiyo nyumba. Kwa walioiona, jina la juu kabisa ni la Elphas.