Lori Lililobaki Mlimani

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ulivyonilea siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Arobaini yako imepita salama. Pilau ilitosha na ikabaki, Mama akawafungia majirani. Mvua ilitanda milimani tangu asubuhi, ikatuvumilia, ikanyesha watu walipokwisha kuondoka. Mtani wako Mzigua, Mzee Sefu wa nyumba ya pili, hakukuacha hata siku hiyo. Alisimama katikati ya watu akauliza Waluguru hawa wana akili gani, mwenzao kafa kaacha lori na mzigo wake mlimani, ndizi zinaoza, nao wamekaa wanakula pilau. Watu walicheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Mimi nilicheka, kisha nikaenda kujifungia chooni, kwa sababu mzee yule alikuwa anasema kweli.

Unakumbuka nilivyokuletea lile gemu la malori? Ulikuwa umeshushia watu ndizi na machungwa kwa lori kutoka Kinole tangu sijazaliwa, kisha kiharusi kikakuchukua upande wote wa kushoto, ukawa unashinda kwenye kiti cha magurudumu ukitazama ukuta. Nikaunganisha kompyuta yangu sebuleni, na usukani wa mtumba wenye pedali tatu. Nilidhani nakupa kitu cha kupitishia siku. Ulitazama kioo cha kompyuta mara moja tu, ukauliza kama breki zake zinachemka. Nikasema zinachemka. Ukauliza likipinduka inakuwaje. Nikasema ukichagua kiwango kigumu kabisa, likipinduka gemu linafuta kila kitu, huna lori tena. Ukasema nikusogeze mezani.

Gia za kujiingiza zenyewe ulizikataa, ukasema hiyo si gari, ni lifti. Kwa hiyo mimi nikawa upande wako wa kushoto. Wewe usukani, mafuta na breki. Mimi klachi na gia. Ukisema "kanyaga" nakanyaga, ukisema "mbili" natia mbili. Mwanzoni nilikuwa narusharusha lori mpaka ukaniuliza kama nimebeba ndizi au ngoma. Mlima wenyewe ulikuwa wa nchi za watu, una theluji kileleni, lakini kona zote ulizipa majina ya njia ya Kinole. Mzigo ulikuwa mabomba ya chuma. Wewe ulisema ni ndizi, na ndizi zikawa.

Halafu lile jiwe. Ulikuwa huegeshi lori mlimani bila kuweka jiwe nyuma ya tairi, na gemu lile, pamoja na uhodari wake wote, halina jiwe. Lilikuudhi sana jambo hilo. Ukaniagiza niokote la kweli nje, la ukubwa wa ngumi, na kila tulipoegesha nililiweka nyuma ya gurudumu la kiti chako. Tukitaka kuondoka, naliondoa kwanza. Siku moja nililisahau pale katikati ya sebule, Mama akajikwaa, ukanigombeza kama niko barabarani: "Jiwe lililokusaidia usiliache njiani, litamuua mwenzako."

Kuna kosa langu moja sijawahi kukuomba radhi vizuri. Ulikuwa umepindua lori mara nyingi sana kwenye ile kona uliyoiita ya Mnazi, na kila ukipindua unaanza upya. Nikakuonea huruma. Ulipokwenda kuswali niliingia kwenye mipangilio nikapunguza: mzigo ukawa mwepesi, breki zikawa hazichoki. Ukarudi, ukapanda, hata hujafika nusu ukaachia usukani. Nilijua umejua. Nilitegemea matusi. Wewe ukanitazama tu, ukasema polepole, "Mwanangu, umeniondolea mlima."

Niliurudisha siku ileile, lakini maneno yale nimekuja kuyaelewa baadaye. Nyumba nzima tulikuwa tunakupunguzia. Wali tulikupondea. Chai tulikujazia nusu kikombe usije ukamwaga. Rafiki yako wa Kinole alipofariki tulikuficha wiki nzima. Kila mtu alikushika kama yai, na mahali pekee palipokuwa bado panakukatalia palikuwa kwenye kile kioo. Mlima ule haukujua kama wewe unaumwa. Ukikosea unapinduka kama mzima yeyote, na ukipita umepita mwenyewe. Ndiyo maana siku ulipopita kona ya Mnazi ulikula ugali mkavu mwenyewe kwa mkono, na hakuna aliyethubutu kukupondea.

Siku ya mwisho tulikuwa tumevuka kilele, tunaanza kuteremka na mzigo wote. Ulichoka. Ukasema, "Egesha hapo, tutamaliza kesho." Nikaweka jiwe. Asubuhi yake hukuamka.

Tangu hapo sikugusa kompyuta ile. Lori lako lilikuwa limesimama kwenye mteremko, tope lako ubavuni, na yale maneno uliyoyaandika mbele yake, "Haraka ya Nini". Niliogopa, Baba. Nikiliendesha nikalipindua, gemu linafuta, na hicho ndicho kitu cha mwisho ulichokiacha kwa mkono wako. Nisipoliendesha litakaa pale milele, nami nitakuwa nakulinda kama yai hata ukiwa kaburini. Na jiwe lilibaki nyuma ya kiti. Mama alifagia akilizunguka, hakuna aliyelisogeza.

Jumamosi Mama akasema kiti kinakwenda kwa Bi Zaina wa Kilakala, miguu yake imekataa kabisa. Ni vizuri, kitumike. Nikaona ikiwa nitalishusha lori, nilishushe leo, nimekaa mahali pako.

Nikakaa kitini, jiwe nikaliacha palepale nyuma. Nikawasha. Nakiri mbele yako: kitu cha kwanza nilichofungua ni mipangilio. Kidole kilikuwa juu ya kile kiwango rahisi. Nikasikia sauti yako, nikafunga.

Gia unayopandia ndiyo ya kushukia, nikatia mbili. Shida ikawa mguu wa kulia. Mwaka mzima nimekuwa kushoto kwako, mguu wangu wa kulia ulikuwa mshamba kabisa, breki haijui. Kona ya kwanza nilipita kwa bahati. Ya pili nilikanyaga breki mno, nikachelewa klachi, lori likalala upande, tairi za kulia zikanyanyuka. Nikapiga yowe. Zikarudi chini, sijui kwa dua ya nani. Nikasimamisha, breki zinatoa moshi.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Unamjua, hakuwahi kulipenda gemu lile, alisema tunapoteza umeme. Akatazama kioo, akanitazama mimi. Akavuta kigoda, akakaa kushoto kwangu, akavua kandambili.

"Hiki ndicho anachokanyaga mtu akisema kanyaga?" akauliza.

Nikasema ndicho. Akasema amelisikia neno hilo mwaka mzima kutoka jikoni, hana haja ya kufundishwa.

Tukangoja breki zipoe, kama ulivyokuwa ukingoja, mpaka alama nyekundu ikazimika kabisa. Kisha tukashuka, Mama akikanyaga kwa mguu mtupu na kunitilia gia kama anasonga ugali, kwa nguvu lakini kwa wakati wake. Kwenye kona ya chini, kali kama ile ya Mnazi, alifumba macho. Mguu hakuuondoa. Ilituchukua muda mrefu kuliko safari zako zote, na "Haraka ya Nini" likaingia bondeni halina hata mkwaruzo mpya.

"Ndizi zimefika?" Mama akauliza.

Nikamwambia zimefika.

"Hazijaoza?"

Nikamwambia hazijaoza. Akarudi jikoni, maharage yalikuwa yameungua, na tuliyala hivyohivyo kwa furaha kubwa.

Mzee Sefu nimempelekea habari. Amesema Mluguru kushusha ndizi siku arobaini na zaidi, ndiyo maana kwenu mnakula zilizooza. Nimempa heshima yake.

Nimekuwa nalia kidogo nikiandika, lakini si kilio cha kukutisha. Niko salama. Nimeanza safari nyingine, mzigo mzito zaidi, na Mama ameshaniambia nisiondoke bila yeye. Nakuahidi mlima sitaupunguza, wala kwenye gemu, wala kwa mtu yeyote atakayekaa kwenye kiti kama kile mbele yangu. Mungu akupumzishe pema, Baba. Pumzika, usukani niachie mimi.

Jana walikuja kuchukua kiti. Kijana akakivuta nyuma, kikagoma, akadhani kimeharibika. Nikamwambia asubiri, nikainama.

Jiwe nimeliondoa njiani.

Wako wa kushoto,
Mwanaidi