Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwogesha Mzee, nimempa dawa. Uji amekataa, kama kawaida. Kisha hadithi ya kampuni, tena. Miaka arobaini iliyopita alitengeneza kompyuta hapa mjini Irving, watu wakazigombania. Halafu zikaanza kurudi kwa malori, zimeungua ndani. Kampuni ikafa. Anasema akina mama wa kiwandani walizembea. Imebaki moja tu inayowaka, iko sebuleni. Alhamisi watu wa makumbusho wanakuja. Ikiwaka, wataichukua. Hataki kingine duniani, na moyo wake umechoka.

Jumanne, 4 Machi
Wageni wanakuja na mashine iko uchi hivyo? Kwetu Nakuru hata redio ina kitambaa. Nimeleta kile cheupe nilichofuma mwenyewe, nimeifunika. Mzee akacheka, eti sasa ni bibi harusi. Nilifurahi kweli.

Jumatano, 5 Machi
Woi, Mungu wangu. Mzee aliiwasha kuijaribu, kitambaa kikiwa juu, akasinzia kitini. Mimi jikoni. Harufu ya plastiki. Nimekimbia: kitambaa kimeziba matundu yote, mashine moto kama jiko. Haiwaki tena. Nimekificha kitambaa kwenye mkoba kabla hajaamka. Alilia. Akasema ni uzee tu, kama yeye. Nikafungua dirisha harufu itoke. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Walikuja, wakabonyeza, wakasema pole. Dakika kumi. Walipoondoka Mzee akaanza kuwalaumu tena wale akina mama. Hasa Rosa, ambaye yeye Mzee alimfukuza kazi wa kwanza. Nikashindwa kuvumilia. Nimetoa kitambaa, nimemwambia yote. Nilijua atapigia simu ajensi iliyoniajiri na kazi imeisha.
Amekikunja mapajani, akasema: “Feni za kupozea mashine nilikataa mimi. Nilitaka mashine isiyo na kelele. Rosa aliniambia zitaungua.”
Hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

Ijumaa, 7 Machi
Ameniomba nimwandikie Rosa barua. Anwani ya zamani, Pearland. Mistari mitatu, imetuchukua asubuhi nzima. Akatia sahihi. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi
Barua imerudi. Haijafunguliwa. Juu yake binti wa Rosa ameandika kwa kalamu kwamba mama yake alishafariki.
Nimeiweka kwenye mkoba, pamoja na kitambaa. Uji leo amekunywa wote. Akaniuliza kama Rosa amejibu. Nimempangusa mdomo, nikamwambia bado.