Uji wa Wenye Kilima

Jumanne, 2 Aprili
Miguu ya Baba imevimba tena. Ukibonyeza kidole, kishimo kinabaki. Daktari kasema wazi: figo zimechoka, apelekwe mjini Mérida akasafishwe damu kwa mashine, wiki hii hii. Baba kajigeuza kwenye machela yake ya kulalia, katuonyesha mgongo. Haendi! Eti si figo, ni upepo mbaya wa kilimani. Msimu uliopita walifukua magofu kabla ya kuwapa wenyewe, mizimu wenye kilima, saka', uji wao wa mahindi, maana bosi wa wachimbaji alikuwa na haraka. Na aliyemtoa shimoni yule mtu mdogo wa udongo, sanamu ya kale, ni Baba, kibarua wao, kwa mkono wake. "Wenyewe wana kiu," anasema. "Wakinywa wao, nami nitakwenda hospitali."

Nimekasirika hadi nikavunja sahani.

Ijumaa, 5 Aprili
Mzee Eleuterio, mganga wetu, kaja. Nilidhani atanisaidia kumshawishi. Wapi! Kachungulia kijiwe chake cha ramli, kasema uji upelekwe alipo yule mtu wa udongo. Nikamwambia, mzee wangu, yuko makumbusho mjini, ndani ya kabati la kioo. Akanijibu: basi nenda huko, binti, kwani huko hakuna mlango?

Kaka yangu Wilberth kacheka mpaka kapaliwa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Baba hajala tangu jana, na pumzi yake inanuka mkojo.

Jumapili, 7 Aprili
Mérida. Jumapili sisi wenyeji hatulipi kiingilio, makumbusho yamefurika. Uji nimeubeba kwenye chupa ya soda. Nimemkuta! Mdogo, pua imemeguka, kakaa peke yake kwenye taa kali. Nimemwamkia kimoyomoyo, kwa Kimaya, huku nikijiona mjinga. Kufungua kifuniko tu — mlinzi huyo. Vinywaji haviruhusiwi, mama.

Nikamweleza yote. Kumbe ni Mmaya wa kwetu, jina lake kifuani Canul. Akanong'ona kwa lugha yetu: "Dada, hata bibi yangu angenituma hivi hivi. Lakini kamera ile inanitazama mimi, si wewe." Akanisindikiza hadi nje, kwa adabu zote.

Nikapiga simu nyumbani. Baba kaipokea mwenyewe. Wamekunywa? Wamekunywa, Baba. Wamemaliza? Mpaka tone la mwisho. Akacheka! Sijui lini nilikisikia kicheko kile mara ya mwisho. Uji nimeumwaga mtaroni, mbele ya kituo cha basi.

Jumatatu, 8 Aprili
Kakubali! Kala papai, kavaa shati lake jeupe, kapanda gari la Wilberth bila kushikwa mkono. Uongo wangu umeweza kilichowashinda daktari na padri. Njia nzima nilikuwa najiambia si dhambi.

Jumatano, 10 Aprili
Tumechelewa. Mashine haimsaidii, maji yamefika moyoni. Daktari hata usoni haniangalii — mngemleta mapema, basi, hana jingine. Baba hajui. Anawatangazia wagonjwa wenzake kwamba yeye anapona, wenyewe wameshakunywa. Anawashauri nao watume mabinti zao! Mmoja kaniuliza, tena kwa heshima, uji huo unapikwaje.

Nimetoka nje nikalia.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimerudi kijijini kumchukulia Baba nguo, Wilberth kabaki naye hospitali. Nguo zenyewe ziko kitandani, sijazikunja. Badala yake nimechemsha mahindi, nimesaga, nimetia asali. Mimi! Nisiyeamini mambo haya.

Nimepita chini ya waya wa uzio wa magofu, nikapanda kilima. Hakuna mtu, mijusi tu. Shimo alimotoka yule mtu wa udongo wameliziba kwa saruji, laini kama sakafu ya benki. Nimepiga magoti, nimemimina. Nimeomba radhi: kwa haraka ya bosi, kwa mkono wa Baba, kwa ulimi wangu. Nimesema kwa sauti, nikishindwa na kilio.

Uji hauingii. Umetuama juu ya saruji, mweupe. Nimekwangua kwa jiwe, kwa funguo, kwa kucha. Naogopa kuondoka ukiwa hivi. Ndiyo maana naandika, nimekaa kando yake.

Bado uko juu.

Simu inaita. Wilberth. Amekata, anapiga tena.

Subiri, kaka. Subiri kwanza uingie, hata tone moja