Mchagua Karata

Jumamosi, 4 Mei

Leo tena! Tumecheza poka sebuleni kwangu, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, tukiwekeana vifungo vyangu vya shati — na bado anayeitwa mwoga ni mimi. Nikipewa karata zangu mbili, nazitazama. Zikiwa takataka — saba na mbili, tisa na tatu — nazitupa, nangoja nyingine. Basi shemeji, mdogo wa mume wangu, kaanza: "Shem, umekuja kucheza au kupunga upepo? Mchagua jembe si mkulima!" Fundi Bomba, jirani yetu, kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Na mume wangu? Kawashinda wote kwa kicheko.

Mimi fundi cherehani. Kitambaa kilichooza sikitii mkasi, hata mteja akilia. Au nikishone tu, nionekane jasiri?

Jumapili, 5 Mei

Napiga pasi. Mume wangu kaingia, kafunga mlango polepole kama mwizi. "Hivi, mama watoto... wewe huwa unazichaguaje?"

Nilitaka kumwekea pasi mgongoni. Nikamfundisha. Ukiwa wa kwanza kusema, wote wako nyuma yako na hujui wameshika nini — ingia na karata nzito tu: pea kubwa, au ree na mfalme. Ukiwa wa mwisho, umeshaona nani kaingia mitini, unaweza kulegeza kidogo.

Akashukuru. Akaniomba nisimwambie mdogo wake. Nisimwambie!

Jumamosi, 11 Mei

Sijui nianzie wapi. Mume wangu katupa, katupa, katupa tena. Nikangoja wamcheke. Thubutu! Shemeji: "Kaka leo ametulia. Huyu mwindaji!"

Nikitupa mimi, mwoga. Akitupa yeye, mwindaji!

Kazoa vifungo vyote. Fundi Bomba kamuuliza kajifunza wapi. Kainua mabega: "Kipaji tu, ndugu yangu."

Kipaji! Mimi nimesimama pale na birika la moto. Mungu ndiye aliyeushika mkono wangu.

Jumatano, 15 Mei

Wamemteua aende mashindano ya ukumbi wa mtaa. Simsemeshi. Naongea na cherehani.

Ijumaa, 17 Mei

Kaomba shati jipya la mashindano. Nimelishona, tena kola imesimama sawasawa — hasira zangu haziingii kwenye kazi. Kisha nikaenda zangu ukumbini.

Karani: "Unamwandikisha nani, mama?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi!"

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa mezani ukumbini, daftari na mwanga wa simu mapajani. Umeme umekatika. Feni zimesimama, mapazia mazito, joto. Mwamuzi kasema karata zilale kifudifudi, mtu asiguse chochote mpaka jenereta iwashwe.

Tumepangwa meza moja. Mume wangu aliponiona asubuhi alidhani nimemletea chai! Nilipovuta kiti nikakaa, shati langu lilimbana shingoni.

Na sasa hivi, kabla ya giza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Kasukuma vipande vyake vyote vya dau katikati, hakubakiza kitu. Wengine wametupa. Nimebaki mimi.

Nina malkia wawili.

Akiwa amefuata nilivyomfundisha, huenda ana ree wawili au wafalme wawili, wanaowashinda malkia wangu, na mimi natakiwa nitupe. Lakini namjua. Somo hulishika akiwa peke yake. Akipigiwa makofi linamtoka. Na shemeji kasimama nyuma yake tangu asubuhi, anapiga makofi kama yuko harusini. Anaweza kuwa na saba na mbili huyu!

Nilikuwa bado sijaamua. Kwa haki kabisa, nilikuwa naelekea kutupa.

Kainama sasa hivi, kanong'ona, na meza nzima imesikia: "Mama watoto, zitupe hizo. Usiniaibishe. Tutaongea nyumbani."

Nisimwaibishe! Mbele za watu! Hata karata zangu hajaziona, na ameshanichagulia!

Jenereta inanguruma. Taa. Mwamuzi kanigeukia: "Haya mama, unasemaje?"

Mume wangu kajibu kabla sijafungua mdomo: "Anatupa."

"Sijakuuliza wewe, mzee," kasema mwamuzi. Wote wananitazama. Shemeji kaacha makofi. Mkono wangu wa kushoto uko nyuma ya vipande vyangu, vyote, tayari kuvisukuma, na huu wa kulia, nikishaweka kalamu —