Upepo Uliopimwa Mlangoni pa Jiko

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Beldina Achola
Umri: Miaka 47
Kazi: Kukaanga na kuuza samaki
Makao: Dunga, Kisumu
Tarehe: 20 Februari 2024, saa nne na robo asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, mjane wa Absalom Ooko. Sikuitwa kituoni. Nimekuja mwenyewe kwa sababu Mukhwana, fundi aliyetuwekea mtambo wa upepo, yuko seli tangu jana kwa kosa ambalo si lake. Shemeji yangu Okello ameandikisha kwamba Mukhwana ndiye aliyemwambia mume wangu afungue kamba ya mtambo siku aliyokufa. Okello amekaa hapo nje kwenye benchi, na nasema akisikia: huo ni uongo.

Mtambo uko juu ya nguzo ya chuma iliyopita paa la nyumba yetu. Unatoa umeme wa friza ya samaki. Mukhwana alipomaliza kuuweka mwezi wa Desemba alitupa kipima upepo, kifaa cha mkononi chenye vikombe vitatu vinavyozunguka na kioo cha namba. Alituambia sote wawili, "Mkitaka kuufanyia kazi, fungeni mapanga yake kwa kamba yasizunguke. Kabla ya kufungua, pimeni upepo juu ya paa. Namba ikipita nne, wacheni." Mume wangu alikipenda kile kifaa kupita kiasi. Alikuwa akinisomea namba hata nikiwa bafuni.

Mnamo Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa tano asubuhi, Mukhwana alikuja kuurekebisha mtambo, akafunga mapanga kwa kamba, akaenda Obunga kutafuta bolti. Mume wangu hakuweza kungoja. Saa sita kasoro dakika kumi alikuwa juu ya paa na mkebe wa grisi, ameshaupaka mtambo na anataka kufungua kamba, mimi niko mlangoni pa jiko nakaanga samaki. Akaita, "Mama Sheryl, nimesahau kipimo mezani!" Nikamwambia nampelekea, nikashika ngazi.

Akasema, "We, wacha! Mke hapandi juu ya nyumba ya bwanake. Unataka kunizika?"

Alikuwa akicheka. Lakini kwetu Wajaluo jambo hilo si mzaha. Mke akipanda paa mume akiwa hai, anamwitia kifo. Nimekua nikijua hivyo. Niliachilia ngazi.

"Pima tu hapo chini," akasema.

Kutoka mlangoni pa jiko hadi uwanjani, mahali palipo wazi, ni hatua kama kumi. Sikwenda. Samaki walikuwa kwenye mafuta na sikutaka waungue. Niliinua kipimo hapo hapo mlangoni, ukuta wa nyumba ukiwa kati yangu na ziwa unakotoka upepo, nikasoma mbili nukta moja.

Akasema, "Nasikia kama ni mwingi huku juu."

Nikamwambia, "Namba inasema mbili, Baba Sheryl."

"Basi ni mbili."

Akafungua kamba. Nilisikia mapanga yakianza kuvuma, halafu kishindo kama mtu amepiga mlango kwa ngumi, halafu akaanguka upande wa ziwa. Nilimkuta bado anapumua. Aliniuliza, "Uliona mbili kweli?" Nikasema ndiyo. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Mukhwana aliniambia alirudi saa sita na nusu na bolti mkononi, asitukute. Okello alipofika alimwona fundi peke yake uani na kamba iko chini, akajaza mengine mwenyewe.

Jumapili tarehe 18, saa ile ile, nilipima tena mlangoni pa jiko. Ilikuwa mbili nukta tatu. Kisha nikachukua ngazi, nikapanda juu ya paa. Ilisoma nane nukta sita. Okello alinipigia kelele nishuke, nisilete mkosi nyumbani. Nilimjibu kwamba yule niliyekatazwa kupanda kwa ajili yake yuko mochari. Nilikaa huko juu hadi namba ikapita tisa, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Nilimpenda Absalom. Tumeoana miaka ishirini na sita na sijawahi kumdanganya isipokuwa mara hiyo moja, na hata hiyo nilidhani nasema kweli. Alikuwa amesikia upepo kwa ngozi yake mwenyewe. Akaniamini mimi.

Niliyoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyatenda kwa mkono wangu. Mukhwana aachiliwe. Sina zaidi.

Sahihi: B. Achola

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano na dakika kumi. Aliuliza atashtakiwa kwa kosa gani. Nilimwambia sioni kosa la kumshtaki. Alilia, akaniomba niangalie tena.

Konstebo Ikhlas Abeid