Panya Tuliowatupa

Chumba Na. 6,
Barabara ya Barkly 41,
Brunswick, Melbourne.
Jumapili, 13 Agosti 1989

Mpendwa Mjomba Mervyn,

Habari za Lake Grace? Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na Bibi Elsie anaamka bila kikohozi. Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya Melbourne safari hii imenikazia kweli; nguo zangu zimeanikwa jikoni tangu Alhamisi na bado mbichi. Mvua imefika huko? Na mbwa wetu Biskuti, bado anajificha chini ya trekta radi ikipiga, au uzee umemtia ujasiri?

Najua umenikasirikia. Umeniandikia mara mbili kuniuliza kama nitarudi msimu wa kukata kondoo manyoya, nami nikanyamaza kama mtu asiye na kwao. Sikuwa na la kukuambia ambalo lisingekuumiza. Leo ninalo, na nitaanzia mwanzo.

Kazi yangu umeiulizia mara nyingi na kila mara nimekujibu juu juu. Unaijua ile nyama laini, nyeupe, ya kifuani mwa mwanakondoo, ambayo Bibi huichemsha kidogo kisha akaikaanga kwa siagi? Ile ndiyo tezi ya thaimasi. Panya pia anayo, na kwa kitoto chake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Humo ndimo wanamofunzwa askari wa mwili, tunaowaita seli T. Wanaingia wengi, hawajui kitu, na wanapitishwa kama unavyowapitisha kondoo kwenye ile njia nyembamba ya mbao, wewe umeshika kilango, huyu kushoto, huyu kulia. Askari asiyeweza kabisa kuwatambua wenyeji wa mwili wake huachwa afe kwa kukosa kazi. Anayewatambua kwa hasira, akataka kuwavamia, huuawa humohumo. Wanaotoka salama ni wachache mno, wale wa katikati. Ukiitoa tezi hiyo kwa kitoto cha panya kilichozaliwa jana, kinakua bila askari hao, na sisi tunajifunza ni nini kinachoharibika.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitoa. Kitoto unakipoza kwenye barafu mpaka kilale, unapasua kifua upana wa ukucha, unaivuta tezi kwa mrija wa kioo, unashona, unakipasha joto, halafu unakipaka takataka za kiota ili mama yake asikigeuze chakula. Nilisema moyoni kwamba hapa nimefika kwetu. Mikono hii ndiyo uliyoifundisha kumgeuza mwanakondoo tumboni mwa mama yake, nikiwa sijakufika hata kiunoni.

Panya wangu wakakua, nikawapima damu, na karibu nusu yao walikuwa na askari. Hawakuwa wengi, lakini walikuwapo. Nikarudia kazi yote, ikawa yaleyale.

Mkuu wa maabara yetu, Profesa Hollis Drummond, ni mtu ambaye wenzake hutoka mbali kuja kuitazama mikono yake ikifanya kazi. Hakunifokea. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia taratibu, "Merrin, tusidanganyane. Unaacha vipande ndani. Kazi hii haitaki mikono kama yako."

Mjomba, angeniita mjinga ningevumilia. Kuambiwa hivyo juu ya mikono yangu kuliniuma kwa ajili yako, ndiyo maana sikuweza kukuandikia. Wenzangu nao wakanibandika jina, Koleo. Koleo, hebu nipitishie sukari. Koleo, usiushike mlango, utang'oka. Nilicheka nao kwenye chumba cha chai, kisha nikaenda chooni kulia.

Kuna desturi hapa ambayo lazima uielewe. Panya akikutwa na askari baada ya kutolewa tezi, huhesabiwa kuwa alipasuliwa vibaya. Anatolewa bila kuandikwa popote, na hatajwi tena. Ndivyo kila anayeingia anavyofundishwa, na hakuna anayeona vibaya, kwani kila mtu hukosea mara mojamoja. Mimi nilikataa kuwatoa. Walikuwa wengi mno, na kila niliyemfungua kifua sikuona hata kipande. Hollis akaona sasa nimeongeza ukaidi juu ya uzembe. Akanipa mpaka mwisho wa Agosti: nipate panya safi, au niache masomo ya udaktari, nichukue shahada ndogo, niende zangu.

Sijui nikuelezeje nilivyobanwa. Nyumba ya panya iko chini ya ardhi, haina dirisha hata moja. Unaoga kabla ya kuingia, unaoga tena ukitoka, na saa za katikati hujui kama nje kuna jua au mvua. Kurudi nyumbani nisingeweza, maana Bibi ameshalitangazia kanisa zima kwamba mjukuu wake atakuwa daktari, na nilijua watu wangenipokea kwa upole, na upole huo ndio ungenimaliza. Kubaki nako sikuruhusiwa. Vesna, mama anayewatunza panya, alinikuta siku moja nimeketi sakafuni kati ya makabati ya vizimba. Akaniambia, "Bora hawa, mwanangu. Wao wakifungiwa, angalau wanapewa mwenza." Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Kilichonifungua macho ni njaa ya nyumbani. Nilikuwa hapa jikoni nikikaanga soseji, nikatamani ile nyama ya Bibi, nikakukumbuka ukichinja uani na Bibi akikupigia kelele dirishani kwamba ile ya shingoni usimtupie mbwa. Nikazima jiko. Mwanakondoo anayo kifuani na anayo shingoni, na sisi wote, na shahada zetu, tulikuwa tunatazama kifua tu.

Kesho yake nilizifungua shingo. Shingo ya panya imejaa vijitezi vya aina nyingine, na ukikuta kimoja zaidi hujali. Lakini kwa wale waliokuwa na askari, kando ya koo, palikuwa na kipunje kimoja cheupe. Nikakikata vipande vyembamba, nikaviweka chini ya darubini. Kilikuwa thaimasi kamili, Mjomba, pembeni giza la seli zilizosongamana, katikati peupe, kama ile ya kifuani. Wale wasiokuwa na askari hawakuwa nacho.

Utauliza kwa nini sikukimbilia ofisini kwa Hollis. Nani angemwamini Koleo, aliyebakiwa na wiki chache, anapokuja na habari ya tezi ya pili? Nilimwomba tu Hollis apasue panya mwenyewe ili nijifunze kwake. Alikubali bila kinyongo. Maabara nzima ilikuja kutazama, na nakiri sijaona kitu kizuri kama mikono ile; nilimwonea wivu na kumpenda kwa wakati mmoja. Kisha tukasubiri vitoto vikue. Kwenda kazini kila siku na jambo hilo kifuani, huku wakiendelea kuniita Koleo, kulinitesa kuliko kufukuzwa.

Jumatano iliyopita tulipima damu ya panya wa Hollis. Nusu yao walikuwa na askari.

Hollis aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. "Basi nimezeeka," akasema. Akaniomba radhi kwa kunidai jambo ambalo yeye mwenyewe haliwezi tena. Akasema nitabaki, atanitafutia kazi nyingine isiyohitaji kisu. Kisha akavua koti lake jeupe, akaanza kulikunja vizuri, kama mtu asiyetarajia kulivaa tena.

Mlango niliokuwa nikiuombea ulikuwa wazi, Mjomba. Nilitakiwa kunyamaza tu. Na nilitaka kunyamaza, sikufichi, hasa nikikumbuka siku aliyonifungia mlango ofisini. Lakini sikuweza kumwona mzee yule akikunja koti kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Nikamwambia, "Si mikono, Hollis. Fungua shingo."

Alifungua. Nikamletea na vile vipande vyangu, akaketi kwenye darubini, chai ikapoa pembeni yake. Nilidhani atakasirika, au atanipongeza. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia panya waliotupwa si kitu, panya wengine watazaliwa. Akaanza kutaja watu. Kabla yangu alikuwapo Callum Tranter, ambaye sasa anafunga matairi Geelong. Kabla ya Callum alikuwapo msichana aitwaye Philippa. Wote wawili aliwaondoa kwa sababu ya mikono yao. Mimi sikujua kama walikuwapo, kwani maabarani hakuna aliyewataja tena.

Alimwomba Vesna, anayejua habari za kila mtu, amtafutie namba ya Callum. Akapiga simu palepale mbele yetu, amesimama, koti amelikumbatia.

"Callum, ni Hollis Drummond. Tafadhali usikate. Mikono yako haikuwa na kosa."

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu Hollis akivuta kiti na kuketi, akasikiliza muda mrefu bila kujitetea.

Kwa hiyo, Mjomba, mwaka huu sitakuja kukata manyoya. Kazi yote inaanzwa upya, kifua na shingo, na nimeambiwa niwafundishe wengine jinsi ya kukiona kile kipunje. Bado naoga kuingia na naoga kutoka, bado sijui mvua inanyesha saa ngapi, na kuna siku kuta zile zinanisogelea. Lakini nimebaki kwa kupenda, na hilo nilitaka ulisikie kwangu.

Nisalimie Bibi Elsie, umwambie anywe dawa yake na asimpe Biskuti. Nisalimie Tegan na mumewe, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awanyeshee mvua ya kiasi, na akulindie hilo goti mpaka kondoo wa mwisho.

Na Bibi akikaanga ile nyama, ya shingoni aniwekee mimi.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, mwenye mikono yako,

Merrin